Namba ya Siri

Leo binti yangu Ayikoru amefungua kibanda
kando ya bani la tumbaku lisilokausha tena kitu.
Boksi la sabuni, na juu yake kipande cha kigae:
hiyo ndiyo simu.
Majani ya muhogo ndiyo noti, mapana elfu hamsini,
yaliyoliwa na wadudu elfu moja.
"Mtandao hakuna," anamwambia Afeku, mtoto wa jirani,
aliyefika na pikipiki yake ya bua.
"Zunguka kwanza."
Afeku ananguruma, anauzunguka mpapai, anarudi.
"Bado hakuna."
Nami naziba pancha ya baiskeli, nacheka peke yangu.

Mimi sikuwahi kucheza duka.
Kule Sudan tulicheza posho.
Kopo la mafuta ndilo kipimo,
mchanga ndio unga,
mwenye fimbo ndiye bwana wa kambi.
"Kadi! Nyumbani mko wangapi?"
Tukajifunza kudanganya: tuliwataja hata ndugu
waliobaki njiani, kila mmoja na kopo lake.
Kanuni ilikuwa moja, sijui aliitunga nani:
mchanga uishe kabla ya foleni.
Tumekaa juu ya mchanga, upeo wa macho mchanga,
lakini wa mwisho lazima akose,
na lazima alie vizuri.
Aliyelia kuwashinda wenzake, kesho anashika fimbo.

Mama alitutazama kutoka mlangoni mwa hema.
Hakutukataza.
Siku moja akaja, akasimama nyuma ya wote,
akakinga upindo wa gauni.
Fimbo ilikuwa mkononi mwangu.
Nilipima, nikapima, mchanga ukaisha jinsi kanuni ilivyotaka.
"Umekwisha," nikamwambia. "Rudi wiki ijayo."
Akaenda zake bila kulia,
na watoto wakapiga kelele kwamba ameharibu mchezo.

Mchezo wake yeye ulikuwa kusaga.
Nyuma ya nyumba, hapa hapa Maracha,
mwamba una mabakuli madogo matano
yasiyoenea kiganja cha mtu mzima.
Aliyakuta. Na bibi yake aliyakuta.
Udongo mwekundu waliuita mtama,
gunzi lilibebwa mgongoni, nywele zake zikiwa bado zimeshika,
na likilia, lilibembelezwa.
"Tulisaga mpaka tukaitwa kusaga kweli," aliniambia mwaka jana,
"hata sijui mchezo uliisha siku gani."

Sasa namwona anakuja na mkongojo wake,
anasimama nyuma ya Afeku.
Naacha kupiga pampu.

"Nataka kutoa."
"Kiasi gani, bibi?"
"Zote."
"Basi namba ya siri. Lakini usiitaje! Ninong'oneze."
Mama anainama. Masikio yake yamechoka,
na mnong'ono wake unafika mpaka barabarani:
"Sita, mbili, sifuri, nane."

Gundi inanikaukia kidoleni.
Kadi ile. Kadi ya rangi ya waridi,
iliyotobolewa kona kila Ijumaa
mpaka ikabaki matundu na namba.
Hajawahi kuitaja tangu turudi.

Ayikoru anakikwaruza kigae, anakiinua juu,
anakigeuza huku na huku kama wafanyavyo mawakala
wanapoutafuta mtandao mawinguni.
Mtu mzima mimi, na ndevu zangu, nangoja pamoja nao.

"Imeingia!"
Anaanza kuhesabu, mapana kwanza,
kisha yenye matundu.
Yanaisha.
Anatazama boksi tupu, anamtazama bibi.
"Usitoke kwenye foleni," anasema, na anakimbia.

Afeku analalamika kwamba yeye ndiye aliyetangulia.
Mama hamsikii. Ameshakinga upindo wa gauni.
Na huko shambani nasikia matawi yakivunjika,
moja, jingine, jingine,
muhogo wangu wa msimu huu.